Wasomaji Wanauliza: Wakitaka Kushuti Kwako

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja: watu wa tamthilia, video za muziki na matangazo wanaogonga mageti ya Dar es Salaam wakitaka kukodi nyumba, saluni au mgahawa kwa siku chache. Tumechagua zile zinazouliza yale ambayo wengi mmeyauliza. Majina tumeyaacha, kama kawaida yetu.

Habari za kazi, ndugu wahariri. Nina nyumba Mbezi Beach, sebule kubwa na bustani. Vijana wawili wamekuja kuomba siku tano za kushuti tamthilia. Wanasema watalipa nusu mwanzoni na nusu wakimaliza. Kijana wangu ananihimiza nikubali haraka kabla hawajahamia kwa jirani. Nianzie wapi? (Mama wa Mbezi Beach)

Shikamoo mama. Usikubali wala usikatae leo. Mtu aliyekwisha kuipenda sebule yako na kuipima hahamii kwa jirani kwa sababu tu umeomba siku mbili za kusoma karatasi. Akihama kwa hilo, kakupunguzia shida.

Karatasi ya kwanza ni kibali cha Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, inamtaka mtayarishaji awe na kibali kabla ya kushuti. Kukitafuta na kukilipia ni kazi yake, kwa hiyo wasikuombe uchangie. Kazi yako ni kukisoma. Jina la filamu ni lilelile walilokutajia? Kampuni iliyoandikwa ndiyo itakayosaini mkataba na wewe? Tarehe zinafika hadi siku ya mwisho? Chukua nakala, pamoja na nakala ya kitambulisho cha NIDA cha anayesaini. Anayekwambia kibali kinakuja, mwambie na funguo zinakuja.

Hili la vitambulisho si urasimu. Mtu anayejiita wa lokesheni, yaani mtafutaji wa mahali pa kushuti, anaingia hadi chumbani na kupiga picha kila kona. Kabla hujajua ni nani, aishie sebuleni na uani, wala asipige picha makufuli, kamera za ulinzi na mahali unapoweka vitu vya thamani.

Karatasi ya pili ni kurasa za skripti zinazochezwa kwako. Huhitaji skripti nzima, zinatosha sini, yaani matukio, za nyumba yako. Humo ndimo utakapokuta kwamba kuna mtu anamwagiwa damu kwenye kochi, sahani zinavunjwa, au mganga anachinja kuku bustanini. Siku ya kwanza kila kitu huwa ni "mazungumzo tu ya sebuleni, mama."

Kisha uliza idadi ya watu. Ukijumlisha waigizaji, kamera, taa, sauti, mekapu, mavazi, madereva na wasaidizi, timu ya tamthilia hufika watu 30 bila shida. Watu 30 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 600 kwa siku, kabla hawajaosha sufuria hata moja. Tenki la lita 1,000 lililoamka nusu, na maji ya DAWASA hayakutoka usiku, halifiki saa kumi jioni. Na shimo la choo, kama lilikuwa linakaribia kujaa, siku tano za watu hao zitalimalizia. Andikeni mapema: ama wanaleta vyoo vya kukodi, ama wanatumia choo kimoja tu cha nje na wanalipia gari la majitaka kazi ikiisha. Chakula kipikwe na kuliwa nje, chini ya turubai, kwa sababu mchuzi wa pilau umeharibu mazulia mengi kuliko kamera zote.

Sasa fedha. Kulipwa nusu baada ya kazi ni kukopesha filamu. Siku ya mwisho ndiyo siku ambayo mfuko wa produsa umekauka, na nguvu yako ya kudai imeshatoka getini pamoja na magari yao. Dai malipo yote kabla gari la kwanza halijaingia, na amana kando, angalau sawa na bei ya siku moja, ya kurudishwa ndani ya siku tatu baada ya ukaguzi. Zipite benki au kwenye simu, zibaki na kumbukumbu.

Kuhusu bei yenyewe, sisi huanzia kwenye pango. Chukua kiasi ambacho nyumba yako ingepangishwa kwa mwezi, gawa kwa 30, zidisha kwa tatu hadi tano. Nyumba ya shilingi 1,500,000 kwa mwezi ni 50,000 kwa siku, kwa hiyo maongezi yaanzie kati ya 150,000 na 250,000 kwa tamthilia. Tangazo la biashara lina bajeti nyingine, usilitoze bei hiyo.

Ila kuliko bei, shikilia saa. Andika kwamba siku moja ni saa 12, tangu gari la kwanza linapoingia getini hadi la mwisho linapotoka. Usikubali saa zihesabiwe tangu kamera inapowashwa, maana kabla ya hapo wameshakaa kwako saa tatu wakipanga taa. Mkisema saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, basi kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Kwa siku ya shilingi 240,000, saa moja ni 20,000, na ya ziada ni 30,000. Siku ya kuhamisha makochi na kufunga taa, na ile ya kurudisha kila kitu mahali pake, nazo zihesabiwe, hata kwa nusu bei. Usipoyaandika hayo, siku zako tano zitakuwa saba kwa fedha ya tano.

Nina mgahawa Magomeni. Watu wa tangazo wanataka nifunge siku mbili nzima. Nikiwatajia mauzo yangu ya siku, wanasema nawaonea. Haki iko wapi? (Mwenye mgahawa)

Wana nusu ya ukweli, kaka. Ukifunga, hununui nyama wala mchele, kwa hiyo mauzo yote si hasara. Lakini pango linaendelea, wafanyakazi wanalipwa, na faida imepotea.

Fanya hivi. Tuseme unauza shilingi 800,000 kwa siku na malighafi ni 480,000. Kinachobaki ni 320,000, nacho ndicho kinacholipa pango, mishahara na wewe mwenyewe. Siku mbili ni 640,000. Watataka pia kuingia jioni ya kabla yake kupanga meza, na jioni hiyo tuseme inakuletea 120,000 baada ya malighafi. Jumla 760,000. Ongeza wateja wa kila siku watakaokuta mlango umefungwa wakahamia kwa mama ntilie wa jirani, na wengine wasirudi wiki ile. Weka asilimia 20, yaani 152,000. Umefika 912,000.

Hiyo 912,000 bado si bei. Ni mahali ambapo hujapata wala hujapoteza, na chini yake unawalipa wao waje. Bei yako iwe juu ya hapo, na wewe ndiye unayejua juu kiasi gani. Hesabu hii usiwaonyeshe. Wakiiona watakaa kuibishania mstari kwa mstari.

Kinachoweza kuwapunguzia ni tarehe. Kama Jumatatu unauza nusu, wape Jumatatu na Jumanne. Mchana wa Ramadhani, ambapo migahawa mingi ya mitaa yetu hulala hadi magharibi, ni wakati mzuri kwako na kwao, mradi wafunge mapazia wakati waigizaji wanakula. Na tangazo kwenye karatasi mlangoni lianze siku nne kabla, lenye tarehe ya kufungua tena. Andika pia kwenye mkataba kwamba jina la mgahawa na bango lako havitaonekana, au vitaonekana, kwa jinsi mtakavyokubaliana. Kuna wanaodhani kuonekana ni malipo tosha. Pango hulilipi kwa kuonekana.

Walishuti video ya muziki kwenye saluni yangu Sinza. Siku ya pili plagi ya ekstensheni imeyeyuka ndani ya soketi, na uniti zote za LUKU zimekwisha. Wanasema wiring yangu ni mbovu. Nani ana kosa? (Dada wa saluni)

Dada, inawezekana wote wawili mna sehemu yenu, lakini ukisikia soketi imeyeyuka bila breka kuruka, anza kushuku mzigo uliobebeshwa tundu moja.

Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampia 13. Kwa volti 230, hiyo ni kama wati 3,000. Taa moja ya zamani ya wati 2,000, ile ya balbu inayochoma ngozi ukisimama karibu, inavuta karibu ampia 9. Wakichomeka mbili kwenye ekstensheni moja, ni zaidi ya ampia 17 kupitia plagi moja. Wengi hudhani fyuzi ya ampia 13 itakatika papo hapo. Haikatiki, inavumilia mzigo wa namna hiyo kwa muda mrefu, na muda wote huo joto linajikusanya pale miguu ya plagi inapogusa vyuma vya soketi. Vyuma hivyo vikiwa vimelegea, na vya saluni hulegea kwa sababu kila siku madraya yanachomekwa na kuchomolewa, mguso unakuwa mdogo na joto linazidi. Plastiki inalainika, inageuka kahawia, inayeyuka. Breka ya saketi ya soketi, ambayo mara nyingi ni ya ampia 32, haina habari, kwa sababu kwake ampia 17 ni mzigo wa kawaida.

Chunguza mambo matatu kabla ya kubishana. Fungua ile plagi uone fyuzi. Ukikuta waya au karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara badala yake, na ekstensheni ni yao, kosa limejitaja. Uliza pia kama ekstensheni yao ilikuwa ya kuzungusha kwenye gurudumu, na kama ilitumika bila kukunjuliwa yote, maana waya uliojiviringisha hauna pa kutolea joto. Halafu mwite fundi umeme akague soketi nyingine za ukuta huohuo. Zikiwa nzima na hiyo moja tu ndiyo imeungua, maneno ya wiring mbovu hayana miguu.

LUKU ni hesabu nyepesi. Taa nne za kisasa za LED za wati 500 ni kilowati 2. Weka kilowati 1 ya wastani kwa pasi, draya na chaja za betri. Kilowati 3 kwa saa 12 ni uniti 36, na kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi ndani yake, hiyo ni karibu 13,000. Si fedha ya kuvunjia urafiki. Lakini wakitumia taa za zamani nne za wati 2,000 ni uniti 96 za taa peke yake, na hapo unaongelea zaidi ya 34,000 kwa siku. Piga picha mita gari la kwanza linapoingia na la mwisho linapotoka, tofauti walipe. Kwa wasomaji wa majumbani walio kwenye kundi la matumizi madogo, la uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, siku mbili za kushuti zinaweza kuwavusha huko, na uniti zinazozidi hutozwa bei ya juu. Wao bora wadai jenereta moja kwa moja.

Jenereta nayo ina mahali pake. Haikai kwenye gereji wala chini ya dirisha, kwa sababu moshi wake unaua bila kunusa chochote cha kukutisha. Iwe nje, mbali, upepo ukiupeleka moshi barabarani. Watu wa sauti wenyewe watakusaidia kuisogeza, hawataki kuisikia.

Mara nyingine weka sharti moja tu la umeme: kila soketi ya ukutani isizidi wati 2,000, na mtu wa taa akuonyeshe taa zake zina wati ngapi kabla ya kuchomeka. Aliyezoea kazi hatashangaa kuulizwa.

Mimi ni mpangaji Kijitonyama. Naweza kuwakodisha sebule yangu bila kumwambia mwenye nyumba? (Mpangaji)

Hapana. Mikataba mingi ya pango inakataza kumpangisha mtu mwingine, hata kwa siku moja, bila ridhaa ya mwenye nyumba. Na hata kama wako haukutaja, nyumba ikiharibika wewe ndiye unayedaiwa. Mwombe ridhaa ya maandishi, mkubaliane mgao. Kwenye ghorofa lenye uongozi wa pamoja, ngazi, lifti na maegesho si vyako hata kama fleti ni yako. Omba ruhusa yao pia, ya maandishi.

Nyumba yangu nzuri sana, iko Kipawa. Wamekuja watu wa filamu mara kadhaa, wanasifu, wanaondoka, hawarudi. Wanataka nini hasa? (Mzee wa Kipawa)

Shikamoo mzee wetu. Nyumba yako huenda haina kasoro yoyote. Kasoro iko angani. Kipawa iko jirani na uwanja wa ndege, na ndege ikipita juu, mtu wa sauti anasimamisha kila kitu hadi mlio uishe kabisa. Sini ya dakika mbili inaweza kukatwa mara tatu. Kwa tamthilia yenye maongezi mengi hiyo ni kazi ya siku moja kuwa siku mbili.

Kwa hiyo usiwatafute watu wa maongezi. Watafute wa video za muziki, ambao sauti yao imesharekodiwa studio na kwenye seti inapigwa spika tu, na wapiga picha za mnato za mavazi na fenicha. Hao hata ndege itue uani, wanaendelea.

Kwa wengine wanaojiuliza hilohilo, watu hawa huangalia nafasi kabla ya uzuri. Kamera inahitaji kurudi nyuma. Chumba cha mita tatu kwa tatu, kikiwekwa kitanda, hakina pa kuweka kamera, mtu wa sauti na taa. Sebule ya mita tano kwa sita inatosha. Dari chini ya mita 2.7 inawasumbua kwa sababu taa za juu zinaonekana kwenye picha. Kuta nyeupe tupu zinarudisha mwanga kila upande, na wengi wangependa rangi ya krimu au kijivu chepesi. Marumaru inayong'aa sebule nzima huleta mambo mawili, taa zinaonekana sakafuni na sauti inarudi kama uko bafuni. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unarudi, tandika zulia, weka mapazia mazito, na uwaambie mapema kwamba unayo.

Kisha maegesho. Fuso moja ya vifaa, Coaster ya watu na gari dogo mbili tatu zinahitaji mahali, na mtaa wa kupishana kwa shida utawafanya wageuze. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara ya vumbi inayogeuka tope huwafukuza kabla hawajaona sebule.

Ukipiga picha za kuwatumia, simama kwenye kila kona ya chumba na upige kuelekea kona iliyo mkabala, mchana, taa zimezimwa na mapazia yamefunguliwa. Andika dirisha linatazama mashariki au magharibi. Hiyo moja itamwambia kameramani saa ngapi jua linaingia, na utaonekana mtu unayejua kazi.

Mikocheni hapa. Waligeuza chumba kuwa bluu, wakabandika tepu ukutani, wakatoboa. Wamerudisha rangi, lakini ukuta una mabaka na marumaru mbili zimemeguka. Amana yao ni ndogo kuliko uharibifu. (Mwenye nyumba)

Kilichopotea hapa ni picha za kabla. Kama unazo, zenye tarehe, waandikie madai na uambatanishe bei ya fundi rangi na ya marumaru, ukikata amana kwanza. Kama huna, maongezi yatakuwa magumu, lakini ujumbe wa simu mliotumiana kuhusu kupaka bluu nao ni ushahidi. Usiufute.

Mabaka yana sababu yake. Rangi nyeusi au bluu iliyokolea ikifunikwa kwa mkono mmoja wa rangi nyeupe, inajitokeza baada ya kukauka. Inahitaji rangi ya msingi kwanza, kisha mikono miwili. Na kupaka kiraka tu mahali palipoharibika huonekana daima, maana rangi ya zamani imeshafifia kwa jua na chumvi ya bahari. Kwa hiyo sharti liwe ukuta mzima, kutoka kona hadi kona, kwa rangi ya namba ileile. Namba iko kwenye kopo. Ihifadhi.

Tepu nayo: ile nyeusi nzito ya nguo inayopendwa na watu wa taa ikikaa siku mbili kwenye joto letu, inang'oka na ngozi ya rangi pamoja na skimming iliyo chini. Waruhusu tepu ya karatasi ya mafundi rangi peke yake, na itolewe jioni ileile. Marumaru zimemegwa na miguu ya stendi na tripodi zenye ncha. Dai mipira ya tenisi iliyokatwa au raba kwenye kila mguu, na maboksi yaliyofunguliwa yatandikwe kwenye njia yote ya kuingizia vifaa, kuanzia mlangoni. Mashine ya moshi itajwe kwa jina kwenye mkataba, kwa kuwa mafuta yake hukaa kwenye mapazia na sakafu ikawa ya kuteleza.

Ukaguzi ufanyike na mtu wao, chumba kwa chumba, kabla na baada, wote wawili mkisaini karatasi moja. Ufanyeni kabla Fuso halijapakiwa, wakati mafundi wao bado wapo.

Jirani yangu Kimara amekodisha nyumba yake. Saa sita usiku tukasikia milio ya bunduki, watoto wakaingia chini ya kitanda. Hakuna aliyetuambia. Ni halali? (Jirani)

Pole sana. Kibali cha Bodi ya Filamu hakimpi mtu ruhusa ya kuutisha mtaa. Sini ya risasi, mlipuko au fujo inapaswa kujulikana kituo cha polisi cha karibu kabla, na serikali ya mtaa pia, mwenyekiti na mtendaji. Vinginevyo anayepiga simu polisi kwa hofu ana haki kabisa, na askari wanaokuja hawajui kwamba ile bunduki ni ya plastiki. Hapo mtu anaweza kufa kweli. Sare ni jambo jingine: mavazi ya jeshi, au yanayofanana na ya JWTZ, hayavaliwi na raia bila ruhusa, hata kama kamera ipo. Kelele za usiku zikijirudia, malalamiko yapeleke serikali ya mtaa kwanza, kisha NEMC, baraza la mazingira.

Kwa mwenye nyumba anayesoma hapa: bisha hodi nyumba zote za jirani siku mbili kabla, na karatasi yenye tarehe, saa ya mwisho na namba ya simu ya mtu wa lokesheni, isiwe yako. Jirani aliyeambiwa huwasha redio yake chini. Asiyeambiwa huiwasha juu, na kila mtu wa sauti Dar ameshakutana naye. Kama watarusha droni juu ya mtaa, uliza kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla haijapaa.

Wanasema watakata asilimia 10 ya fedha yangu kwa ajili ya TRA. Wananiibia? (Msomaji wa Tabata)

Si lazima. Anayelipa pango la jengo anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya malipo na kuiwasilisha TRA kwa niaba yako. Wizi unakuja pale wanapokata na kuondoka nayo. Dai cheti cha kodi ya zuio chenye TIN yako. Hicho ndicho kitakachokuonyesha kwamba kodi imefika, na ndicho utakachotumia kwenye hesabu zako za mwaka. Kwa biashara yenye mashine ya EFD, toa risiti kama unavyotoa kwa mteja mwingine yeyote. Na kama umesajiliwa VAT, sema tangu siku ya kwanza kwamba bei yako ni kabla au baada ya ile asilimia 18, maana wakijua mwishoni, watataka itoke mfukoni mwako.

Walimaliza kushuti mwezi uliopita. Sasa wanataka kurudi kurudia sini moja, na mimi nimeshabadilisha makochi. Wanadai nina wajibu wa kuyarudisha. (Baba wa Goba)

Kama hamkuandika, huna wajibu huo. Lakini kaka, wao nao wako matatani: nusu ya sini ina kochi la kijani na nusu haina, na mtazamaji ataona. Wauzie siku hiyo kwa bei ileile, na wao wakodi kochi linalofanana au waje kununua lako la zamani kama bado liko stoo. Mkataba ujao uwe na mstari kwamba wanaweza kurudi ndani ya siku 60 kwa taarifa ya siku saba, kwa bei ya siku iliyokubaliwa, na kwamba baada ya siku hizo 60 unapamba nyumba yako utakavyo. Picha za familia za ukutani, namba ya nyumba getini na namba ya gari lako, zote zifunikwe au ziondolewe kabla ya kamera kuwashwa, kwa sababu picha walizokwisha kuzipiga ni zao na zitaendelea kuonyeshwa baada ya wewe kuhama.